Koti la Nne

Gaskins alikuwa amekwisha kufumua nyuzi kumi na moja za pindo la mkono wa kushoto alipomwomba Mama Purnell asogeze taa kidogo.

"Taa haina kosa," mama mzee alisema. "Macho yako ndiyo yanayotaka kusogezwa. Na ukinichania hiyo bitana, Hosea Gaskins, utaishona hapa hapa huku nakuangalia."

"Sitaichana, mama."

"Wote husema hivyo hivyo."

Koti lilikuwa la rangi ya damu ya mzee, limelazwa juu ya meza ya kupigia pasi pale jikoni, likiwa limegeuzwa ndani nje. Gaskins alifanya kazi kwa nusu ya wembe. Kila uzi aliouchomoa aliunyoosha juu ya karatasi nyeupe na kuandika pembeni, kwa penseli, ulikotoka. Alikuwa amebeba mfuko wa barua katika mitaa ya Baltimore Magharibi miaka ishirini na sita. Upelelezi alijifunza kwa vitabu vya maktaba na kwa masomo ya posta, na masomo hayo, kwa kuwa mtaa ulikuwa wake, alijipelekea mwenyewe mlangoni. Hakuwahi kupata mwalimu wa kumharakisha.

Verlene Mabry alisimama kwenye fremu ya mlango, mkoba ungali begani. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja na hakutaka kiti.

"Mchonga mawe ya makaburi amenipigia tena," alisema. "Jina limechongwa, tarehe zimechongwa. Umebaki mstari mmoja chini. Kesho saa tatu asubuhi anataka maneno, au auache mtupu."

"Utaandika nini?" aliuliza Mama Purnell, ingawa alikwisha kuambiwa.

"Kwamba sauti ya baba imo katika wimbo wa 'Nisubiri Ngazini'. Kama imo. Baba aliniambia mara moja tu, nikiwa na miaka tisa. Tulikuwa jikoni tunaosha vyombo. Sasa mtaa mzima unaniambia Cleon Mabry alikuwa mtu mzuri, fundi mzuri wa mabomba, lakini hakuimba na The Lanvales hata siku moja. Mimi sichongi uongo juu ya kaburi la baba yangu, Bwana Gaskins. Bora mstari ubaki mtupu."

"Alikuwa mwongo?" Gaskins aliuliza bila kuinua kichwa.

"Baba? Alikuwa msahaulifu. Mtu wa kuvaa sweta ndani nje, nikimgeuza kama mtoto. Mwongo, hapana."

Gaskins alichomoa uzi wa kumi na mbili.

Wimbo wenyewe hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mwaka ule wa hamsini na tano ulitoka katika kila dirisha kuanzia Mtaa wa Lanvale hadi Pennsylvania Avenue. Vijana watano waliojipa jina la mtaa wao waliimba bila gitaa wala ngoma: sauti nene ikitembea chini kama mtu anayepanda ngazi taratibu, tatu zikijaza katikati, na juu yazo sauti moja nyembamba, safi, isiyo na haraka, ambayo ikifika kwenye neno "subiri" hupanda mahali ambapo hakuna aliyeitarajia na kukaa huko. Wanawake waliokuwa wakisugua ngazi zao za marumaru waliacha jiwe lao jepesi la kusugulia likielea ndani ya ndoo. Kwa sauti ile watu walichumbiana. Swali lilikuwa moja tu: ilikuwa sauti ya nani?

Katika daftari la Gaskins majina yalikuwa matatu. Ruddy Purnell, mtoto wa mama huyu, sauti nene, ambaye mpaka leo huzunguka na vijana wapya kwa jina la The Lanvales, alisema ni Thurman Beasley, yule mrefu aliyesimama katikati ya picha ya kundi. Wakusanyaji wa santuri, watu wanaojua mpaka uzito wa kila sahani, walisema ni Lester Coates. Verlene alisema ni baba yake. Thurman alihamia California na hajibu barua. Wengine wa kikosi cha kwanza, pamoja na Lester, walikuwa makaburini.

"Nieleze tena habari za tepe za majina, mama," alisema Gaskins.

Mama Purnell alikuwa na miaka themanini na minne na alipenda kuulizwa jambo analolijua. Alinyoosha kidole kwenye sanduku lililokuwa wazi sakafuni, likinuka naftalini, makoti mengine manne yamekunjwa ndani.

"Nilishona makoti matano, Septemba ya hamsini na tano. Kitambaa nilikipata kwa bwana mmoja aliyefilisika. Hapangekuwa na kitambaa kingine cha rangi hiyo, kwa hiyo nilijua mapema: mtu akiondoka, koti linabaki. Vijana wale hawakukaa, mwanangu. Mmoja anaitwa jeshini, mwingine anaoa, mwingine anagombana na Ruddy kuhusu nani asimame mbele. Miaka minane, watu kumi na wawili, makoti matano. Anayeingia anarithi koti, mimi naliteremsha au nalipandisha. Ndani ya kola natia utepe wa jina lake."

"Na utepe wa zamani?"

"Sikati jina la mtu kwa mkasi. Nashona jipya juu yake. Hilo la pili hapo lina majina manne, kola imekuwa nene kama sandwichi. La kwanza lina moja tu. Rutherford, Ruddy wangu." Alivuta pumzi. "Huyo hakuna aliyeweza kumtoa mbele."

Gaskins aliachana na pindo, akaja kwenye kola. Utepe wa juu ulikuwa na herufi za uzi mweupe: THURMAN. Alifumua upande mmoja, akauinua kwa ncha ya wembe. Chini yake ulikuwepo mwingine, umeanza kuwa wa manjano.

Verlene alisogea hatua mbili.

Gaskins alisoma kimya kwanza, halafu kwa sauti. "Lester."

Gaskins aliinua na huo. Chini yake palikuwa na kitambaa kitupu cha kola.

"Basi," alisema Verlene. Alipandisha mkanda wa mkoba begani. "Wakusanyaji walikuwa sahihi. Asante, Bwana Gaskins. Nitampigia mchonga mawe nikifika nyumbani."

"Usimpigie bado."

"Jina si umelisoma?"

"Nimelisoma. Na karatasi pia ninayo." Alifungua jalada lake, akatoa nakala iliyopigwa muhuri. "Lester Coates aliachishwa jeshi Desemba kumi na tisa, hamsini na tano. Siku zote kabla ya hapo alikuwa Ujerumani. Wimbo ulirekodiwa Jumamosi ya Oktoba nane. Mtu hawezi kuimba Baltimore akiwa analinda lango Ujerumani."

"Kwa hiyo ni Thurman?"

"Thurman aliingia Juni ya hamsini na sita, baada ya Lester. Picha ilipigwa mwezi huo huo, kwenye ngazi za nje. Wimbo ulikuwa na miezi kadhaa redioni. Watu waliona picha, wakaipa sauti uso uliokuwepo." Aligeuza mkono wa koti chini ya taa. "Angalia hapa. Pindo la sasa liko mwisho kabisa wa kitambaa, kwa sababu Thurman alikuwa mlingoti. Juu yake kuna mkunjo wa zamani, na matundu ya sindano. Huo wa Lester. Na juu ya huo, vidole viwili, uko mkunjo mwingine, na matundu yake. Uzi nilioukuta umesahauliwa humo ni mweusi. Wa Lester ni kahawia."

Verlene aliinama. Mikunjo ilionekana kama mistari ya maji kwenye ukuta wa nyumba iliyowahi kupatwa na mafuriko.

"Watu watatu," alisema.

"Watu watatu, majina mawili. Wa kwanza alikuwa mfupi. Na katika makoti yote matano, ni yeye peke yake ambaye Mama Purnell hakumshonea utepe."

Waligeuka wote wawili. Mama Purnell alikuwa amesimama na kwenda kwenye jiko, akiiangalia birika ambayo hakuwa ameiwashia moto.

"Mama?"

"Nilimwapia mtu."

"Nani?"

"Muumini mwenzangu. Hayupo tangu mwaka sabini na mbili. Usiniulize zaidi, nitakunyima chai."

Gaskins hakuuliza zaidi. Aliandika mstari mmoja, akarudi kwenye koti. Kwenye bega la kushoto, juu ya bitana, palikuwa na doa la ukubwa wa vidole viwili, gumu, rangi ya kijani iliyofifia. Alikuwa ameliona tangu alipoligeuza koti, akakwangua unga kidogo juu ya karatasi na kuweka alama ya kuuliza.

"Hili nalo?"

"Ukungu," alisema mama mzee, kidogo akifarijika kwa swali jingine. "Nililisugua kwa siki, kwa limau, kwa mafuta ya taa. Halikutoka."

"Ukungu hautoki kwa siki?"

"Wangu hutoka."

Gaskins alinusa, akagusa kwa ukucha. Kisha alirudisha kurasa za daftari nyuma mpaka Jumanne iliyopita, mahojiano na fundi wa zamani wa studio iliyourekodi wimbo, Bwana Waisman, akasoma polepole, kidole kikifuata maneno. Aliligeuza koti upande wa nje, akachunguza bega lile. Lilikuwa safi. Aligeuza tena ndani nje, akakaa.

Mlango wa mbele ulifunguliwa kabla hajasema lolote.

"Mama! Samaki wako wa moto, na pilipili nimemwambia muuzaji asiibanie!"

Ruddy Purnell aliingia jikoni na mfuko wa karatasi uliolowa mafuta. Miaka hamsini na mmoja, nywele zimetiwa rangi, kiatu kinang'aa, na sauti ile iliyofanya vikombe kabatini vitikisike. Aliona meza. Tabasamu lilibaki usoni, ila halikuwa na kazi tena.

"Nani amelifumua koti la Thurman?"

"Koti la nne," mama yake alimsahihisha. "Weka samaki sahanini."

"Bwana Gaskins. Bado hujachoka? Nilikwambia nikiwa kwangu, nikakwambia kwenye simu. Cleon Mabry alikuwa mtoto wa jirani. Alitubebea mabegi, akatununulia soda. Samahani, binti, simaanishi kumdharau marehemu."

"Ulivyosema ndivyo ninavyosikia," Verlene alijibu.

"Nina swali moja tu," alisema Gaskins. "Dogo."

"Maswali yako madogo yananizeesha."

"Studio ile ilikuwa juu ya duka la viatu. Bwana Waisman aliniambia hakuwa na chumba cha mwangwi, kwa hiyo sauti ya juu aliiweka nje ya chumba, kwenye ngazi, akafunga mlango na kupitisha waya chini. Uso wa mwimbaji hakuuona. Mlipoingia alikuwa chini ya meza anafunga nyaya."

"Ndivyo tulivyofanya. Hata mtaani tuliimba ndani ya varanda za milango na chini ya daraja. Ngazi ndiyo ilikuwa kinanda chetu." Uso wa Ruddy ulilainika kidogo. "Ungesikia ile ngazi. Ukitupa neno, linarudi limevaa suti."

"Swali langu ni hili. Aliyesimama ngazini siku ile, koti lake alilivaaje?"

Mafuta ya samaki yalichuruzika kutoka kwenye mfuko hadi sakafuni, na Mama Purnell, kwa mara ya kwanza maishani mwake pengine, hakumkemea mtu.

"Alivaa kama watu wanavyovaa," alisema Ruddy.

"Mwenye nyumba alikuwa amepaka ukuta wa ngazi asubuhi ile bila kumwambia Waisman. Rangi ya kijani. Waisman anaikumbuka kwa sababu waligombana." Gaskins aliweka kidole karibu na doa, bila kuligusa. "Nje ya koti hakuna tone. Tone liko ndani."

Ruddy aliliangalia doa. Alimwangalia mama yake.

"Mama, umemwambia?"

"Mimi? Mimi hilo nilijua ni ukungu." Mama Purnell aliketi, mikono juu ya mapaja. "Kuna mtu nilimwapia, Rutherford, na kinywa changu kimefungwa miaka thelathini na miwili. Mimi nina kiapo. Wewe una nini?"

Ruddy aliweka mfuko juu ya sinki. Alivuta kiti, akakigeuza, akakikalia mgongo wa kiti ukiwa mbele kama kijana.

"Alikuwa na miaka kumi na sita," alisema. Hakumwambia Gaskins, alimwambia Verlene. "Mama yake alikuwa mtu wa kanisa kweli kweli. Nyimbo za dunia hapana, redio hapana. Sisi tulimsikia akiimba kwaya, tukamvizia nje kama wezi. Akaja kwa siri, mazoezini, hapa hapa kwenye ngazi za mama. Siku ya kurekodi tukapanda juu, sote tumependeza. Yeye akavua koti, akaligeuza ndani nje, akalivaa. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Nikamwambia, Cleon, umekuwa mwendawazimu? Akasema, 'Mungu akiangalia chini, asione nimevaa vazi la dunia. Aone bitana tu.'"

Verlene hakutikisika.

"Basi akasimama ngazini vile vile. Ilichukua mara tatu. Mara ya tatu alipanda pale kwenye 'subiri', hatukuwa tumelifanyia mazoezi lile, alilitoa ngazini mwenyewe. Nilisahau kuimba. Ukisikiliza santuri, sauti nene inachelewa kidogo pale. Ni mimi, mdomo wazi."

"Ninaisikia," alisema Gaskins. "Nilidhani ni kasoro ya sahani."

"Desemba ile mama yake Cleon alikwenda dukani kununua samaki, redio ikiwa wazi. Hakutajwa jina la mtu. Alimjua mwanawe kwa neno moja. Alikuja akasimama pale nje, kwenye ngazi, kofia kichwani, akamwita mama yangu."

"Akanitaka niape," Mama Purnell alisema, "kwamba jina la Cleon halitaonekana. Si kwenye koti, si kwenye sahani, si kinywani mwangu. Nikamwapia. Utepe wake sikuwa nimeushona bado, kwa kuwa alikuja kwa siri. Nilikuwa na hatia, alifanya mazoezi kwenye ngazi zangu."

"Na mimi sikuapa," alisema Ruddy. "Hakuna aliyeniuliza. Nilinyamaza tu, kwanza kwa ajili ya mama. Halafu ikawa rahisi. Miaka thelathini nachukua vijana, nawaambia, imba kama Thurman. Thurman mwenyewe hakuwahi kuimba vile. Cleon alikuwa akipita barabarani na mkoba wake wa spana, ananipungia mkono. Hakunidai neno."

Verlene alivuta kiti, mwishowe, akaketi. Mkoba uliteleza begani hadi sakafuni.

"Sweta," alisema.

Gaskins aliinua kichwa.

"Hakuwa msahaulifu. Jumamosi jioni, akiosha vyombo, alikuwa akiguna wimbo kwa chini. Ndipo sweta linapokuwa ndani nje. Siku nyingine, hapana. Jumamosi tu." Alifuta uso kwa kiganja. "Na mimi namgeuza. Kila mara namgeuza, namwambia, baba, watu watakucheka. Naye anainua mikono juu, ananiachia."

Mama Purnell alisogeza sahani ya samaki mbele yake, na vipande viwili vya mkate mweupe, kama mtu anayeweka kitu mezani ili mikono ipate pa kwenda.

Gaskins aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasoma alichoandika, akafuta neno moja.

"Mama," alisema, "kile kiapo kilikuwa cha mpaka lini?"

"Mpaka Cleon azikwe."

"Amezikwa Machi. Leo ni Mei."

"Najua kuhesabu, Hosea Gaskins." Mama mzee alimtazama mwanawe. "Nilikuwa nasubiri mtu."

Ruddy aliinamisha kichwa.

Mama Purnell alivuta kikapu chake cha kushonea, akapata utepe mweupe na uzi mwekundu, akampa Verlene sindano atunge. Alilivuta koti mapajani.

"Huu unakwenda chini," alisema. "Chini ya Lester. Yeye ndiye wa kwanza."

Alishona C, akashona L. Mikono ilikuwa inajua njia, lakini mwanga wa dirishani ulikuwa umekwisha, na kwenye E sindano ilikosa mara mbili. Aliichomeka kwenye kitambaa, ikabaki imesimama.

"Kesho," alisema. "Herufi tatu tu. Sizishoni vibaya baada ya kusubiri miaka yote hii."

Gaskins alikunja karatasi za nyuzi, akazitia kwenye bahasha, akaandika tarehe. Chini ya ukurasa aliandika mambo ya siku inayofuata: saa tatu, mchonga mawe, aende na Verlene; Waisman, alinganishe rangi; barua nyingine kwa Thurman. Jina la Cleon Mabry hakulizungushia duara bado. Alikuwa hajamwonyesha Waisman ile rangi.

Ruddy alisimama kulichukua koti. Kwa mazoea ya miaka alishika mabega, akaanza kuligeuza upande wake wa nje ili alitundike.

"Liache," alisema Verlene. "Liache hivyo hivyo."